Mikono ya Mama Mboga

Mama mboga wa mtaa wa Silanga hukata sukuma wiki akipiga stori, bila kuangalia kisu. Kucha zake bado zina weusi wa makaa aliyouza miaka mingi, na kwenye kitambaa cha kichwa huchomeka sindano, ingawa cherehani aliiuza zamani. "Kazi ukiiacha, yenyewe haikuachi," huwaambia wateja. Jirani yake Kavetsa aliyaona hayo maneno matupu, mpaka asubuhi ya harusi yake, zipu ya gauni ilipopasuka mgongoni na magari yanasubiri nje.

Mama mboga aliweka kisu chini, akanawa, akachomoa sindano. Alitoboa vitundu pande zote mbili, akavishona kingo, kisha akapitisha utepe mweupe mshazari, vile alivyokuwa akifunga mdomo wa gunia la makaa. "Sasa pumua, mami." Kavetsa alipumua kidogo tu. Kanisani alisimama wima kama mlingoti, hata ngoma ya isukuti ilipoanza kulia. Ndipo sauti iliyozoea kuita wateja ikapaa juu ya ngoma: "Cheza, wewe! Gunia langu halijawahi kumwaga!"

Kavetsa akavuta pumzi kifua kizima, akacheza.