Bendera Juu ya Kochi

Luseno huuza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, na hakuna anachojivunia kama mkono wake wa kutoa madoa. Jumapili hiyo aliamkia kufua bendera ya babu yake. Mwalimu Haruko, Mjapani anayemfundisha bintiye Mitchelle ushonaji chuoni, alikuwa anakuja kwao mtaani Mbotela kula chakula cha mchana, na Luseno aliona hakuna heshima kubwa kuliko kumkaribisha mgeni kwa bendera ya Japani. Akaipiga pasi, akaigongomelea ukutani juu ya kochi.

Ilikuwa hariri nyeupe yenye duara jekundu, na maandishi meusi yakilizunguka pande zote. Babu aliileta kutoka Burma, alikopigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa Mwingereza. Hakupewa shamba wala kiinua mgongo. Kitambaa hicho ndicho pekee kilichoonyesha kwamba aliwahi kufika mbali. Kila Krismasi Luseno alikivaa mabegani na kuigiza: Babu anafyatua, Mjapani anaanguka, kofia inamziba macho. Ukoo mzima ulicheka hadi machozi.

Haruko alivua viatu mlangoni, akasalimia kwa Kiswahili chake cha polepole. Kisha akaiona. Hakuketi.

"Karibu, mwalimu, kaa hapo," Luseno akasema. "Hiyo ni bendera yenu."

"Si ya nchi, baba Mitchelle. Ni ya mtu." Akaisogelea. "Askari akienda vitani, majirani na walimu wake walimwandikia majina yao kwenye bendera. Huyu aliitwa Shoji. Hapa ameandika mtoto, ona herufi zilivyo kubwa. Na hapa..." Kidole kilisimama penye wino uliotapakaa. "Hapa hapasomeki."

"Palikuwa na doa la kahawia. Nimelitoa leo asubuhi." Alipokwisha kusema ndipo alipotambua lilikuwa doa la nini.

Makokha, mdogo wake Luseno aliyekuwa ameketi akisubiri chakula, hakuwa ameng'amua lolote. "Kaka, mpe ile ya kofia! Mwalimu, hiyo utacheka mpaka uanguke!"

"Nyamaza, Makokha."

"Kaka wa nyanya yangu pia alikwenda Burma," Haruko alisema. "Waliambiwa wanakwenda kuikomboa Asia. Wakaua watu wasio na kosa, na nyumbani kwetu hilo halikutajwa. Kushindwa kisha ukarudi hai, hiyo ndiyo ilikuwa aibu. Yeye hakurudi. Nyanya aliletewa sanduku. Ndani mlikuwa na jiwe, si mifupa." Akamgeukia Luseno. "Huyu Shoji, babu alimzika?"

Hakuna Krismasi ambayo mtu aliuliza hivyo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, Babu asingefufuka kumkanusha. Lakini Mitchelle alikuwa anamtazama.

"Hapana. Alimvua bendera na viatu, akaendelea na safari na wenzake. Alimwacha kando ya njia."

Luseno akapanda juu ya kochi, akaanza kung'oa misumari. Mmoja uliichana hariri, akasikia mchaniko huo hadi kwenye meno.

"Ichukue, mwalimu. Watafute watu wake."

Haruko aliipokea kwa mikono miwili, akainama. Luseno alitaka kumwambia kwamba Babu naye alichukuliwa kijana, akapelekwa kwenye vita visivyokuwa vyake. Maneno yalifika mdomoni, akayasikia yanavyofanana na kujitetea, akayameza.