Posa ya Ndani ya Boti

Nimefika Burundi mara moja tu maishani mwangu, na sikuikanyaga. Watu huniuliza imewezekanaje, nami huwaambia wangemkuta marehemu baba yangu angewaeleza, tena kwa kirefu na bila kuombwa. Yeye ndiye aliyetupeleka, na yeye ndiye aliyetukataza kushuka.

Baba alikuwa bwana afya. Serikali ilimleta Kigoma kutoka Upareni akiwa kijana, akaoa kwa Waha, akajenga Gungu, na mpaka anastaafu Kiha chake kilikuwa bado kinawachekesha mashemeji zake. Miaka ile ya wakimbizi wa Burundi, boti zilipokuwa zikishusha watu kutwa nzima na mahema yakiota kila penye uwazi, kipindupindu kilishika mwambao wote, kuanzia Kagunga, kijiji chetu cha mwisho kabla ya Burundi, mpaka kwetu mjini, na ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa hiyo hiyo. Asubuhi Baba alihudumia wagonjwa kwenye mahema. Mchana alizunguka mitaani na gari la idara, kipaza sauti mkononi. Kila tangazo alilianza na "Ndugu wananchi," likafuata la maji ya kuchemsha, likafuata la vyoo, na mwisho lile lililowaudhi watu kuliko yote, kwamba ni marufuku kunywa pombe kwenye chungu kimoja.

Waha na Warundi hapo ni watu wamoja. Pombe ya mtama haimiminwi kwenye glasi. Chungu huwekwa katikati, wazee hukizunguka, na mirija hupita kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule huku mazungumzo yakiendelea. Mgeni akikataa mrija amewakataa wenyeji, hakuna tafsiri nyingine. Baba, ambaye kwao hawakuwa na mambo ya mirija, alikuwa anawaambia watu waache kitu ambacho kwao ndicho heshima yenyewe, na watoto wa mtaani walimwigiza sauti kila alipopita.

Sasa, kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa injini za boti pale Kibirizi, na alikuwa amempenda binti wa kijiji kimoja cha Burundi, mbele kidogo tu ya Kagunga. Yule binti alikuwa akija sokoni Kagunga na mawese, kaka akawa anapata kila sababu ya kwenda kutengeneza injini huko, hata za watu ambao hawakumwita. Siku ya kupeleka posa ilikubaliwa kabla ugonjwa haujaingia. Halafu, katikati ya vurugu zile, wachuuzi wa dagaa wakatuletea salamu: baba wa binti ameshaloweka mtama.

Mtu asiyejua pombe ile anaweza kudhani hiyo ni habari ndogo. Mtama hulowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa, na siku pombe inapoiva imeiva. Haimngoji mtu. Wakwe wasipotokea siku ya chungu, majirani huitwa wakainywa, na habari ya posa huishia hapo hapo. Simu ya kuomba siku isogezwe haikuwepo. Na tulijua kuna mwanamume mwingine, mwenye duka la vitenge, aliyekuwa akingoja kwa hamu kubwa sisi tuchelewe.

Kikao kilikaa sebuleni kwetu. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa mshenga wetu, na yeye hakuona tatizo lolote. Ugonjwa uko huku na uko kule, alisema, kwa hiyo ukihama nao au ukibaki nao ni mamoja, na mtu mzima hawezi kuacha kuoa kwa sababu ya tumbo la kuhara. Baba alisema atafikiri. Siku iliyofuata akasema bado anafikiri. Mama hakuchangia neno, lakini nilipokwenda uani kuanua nguo nilikuta nyuma ya jiko amefunika beseni la mtama uliokwisha kuchipua. Nikamtazama. Akanitazama. Nikaanua nguo zangu nikaondoka.

Mimi nilikuwa nimemkasirikia Baba sana. Nilimpenda kaka yangu, na nilijua asipompata yule binti atakuwa mtu mwingine, mtu wa kukaa kimya mezani. Niliona Baba anaogopa mambo mawili, tumbo lake na jina lake: ataonekanaje, bwana afya mzima, kuinamia chungu cha watu wa ng'ambo baada ya kuupigia mji mzima kelele? Nilimwambia Mama hivyo, naye akaniambia nichambue mchele.

Mjomba ndiye aliyekuja na dawa. Baba aende, ashike mrija, aigize kunywa. Basi jioni ile sebule yetu ikageuka darasa. Chungu kikawekwa katikati, kikajazwa maji, ambayo Baba alitaka kwanza yachemshwe, akasimama jikoni mpaka alipoyaona yanatokota. Kisha akainama, akauma mrija, akabonyeza mashavu. Mjomba akatikisa kichwa. Mashavu ni sawa, alisema, lakini koo limelala, na wazee wa kule hawatazami mashavu, wanatazama koo. Baba akajaribu kulitembeza koo bila kumeza. Likapanda, likakwama, akapaliwa na maji ambayo alikuwa ameapa hayanywi, akakohoa mpaka miwani ikadondoka chunguni. Mama alitoka nje akacheka huko. Mimi nililala kwenye mkeka nimeshika mbavu, na Mjomba, huku anafuta machozi, alikuwa bado anasema kwamba siku mbili tatu za mazoezi zingetosha.

Kaka hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango anasugua plagi ya injini kwa kitambaa, plagi ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

"Baba," alisema, "mimi sikulazimishi. Ukisema tusiende, hatuendi. Ila usije ukaniambia nitapata mwingine."

Baba aliichukua miwani yake, akaikung'uta maji, akaivaa ikiwa bado inachuruzika.

"Mnadhani naogopa chungu chao," alisema. "Mimi kila siku nawainua wagonjwa kwa mikono hii. Ninawaogesha, ninaosha walipolala. Naogopa mdomo wangu mimi. Kile kijiji bado hakijapata mgonjwa hata mmoja, nimeuliza. Niende kwa watu wenye afya zao, waliotupikia pombe, niwaachie kifo kwenye mrija?"

Sikuwa nimefikiri hivyo hata kidogo. Wote tulikuwa tumekaa tukihesabu nini kitatupata sisi tukienda kwa watu, na hakuna aliyewaza nini kitawapata wao tukifika. Hasira yangu iliniishia pale pale mkekani, nikabaki na aibu na mapenzi kwa yule mzee mwenye miwani yenye maji. Mjomba, kwa sauti ndogo, akauliza basi ndiyo hatuendi.

"Kwenda tutakwenda," Baba akasema. "Kushuka ndiyo hatushuki."

Aliomba ruhusa ya siku moja ofisini, na alipoulizwa anakwenda wapi na kipaza sauti cha serikali alisema anakwenda kutangaza, jambo ambalo halikuwa uongo. Tuliondoka Kibirizi alfajiri, ziwa likiwa limetulia. Kaka alishika injini. Mama akatokea na chungu kichwani, kimefunikwa jani la mgomba, na Baba aliponusa akaelewa kwamba mkewe alikuwa ameshaamua safari hii siku nyingi kabla yake. Alimsaidia kukitua.

Njiani tulipishana na boti za wakimbizi, zimejaa mpaka maji yanakaribia ukingo, watu na magodoro na mbuzi. Sisi tulikuwa tumevaa nguo za sikukuu tukielekea wanakotoka. Mama mmoja aliyepakata kuku alitupigia kelele kwamba tumekosea njia. Mjomba akamjibu kwamba tunakwenda kuoa, na boti nzima, pamoja na shida zote walizokuwa nazo, ikatupigia vigelegele. Nilitabasamu na machozi yakanitoka kwa pamoja, maana sikujua wangelala wapi usiku ule.

Kijiji kilikuwa kimejipanga ufukweni kutungoja. Wazee walikuwa na fimbo zao, akina mama wamevaa vitenge vya kutokea, chungu kiko chini ya kibanda cha makuti ya michikichi. Kaka akazima injini mbali kidogo na mchanga, akatia nanga, kisha akakaa akiupa ufukwe mgongo, kwa sababu mchumba hatakiwi kuwakodolea macho wakwe. Wakatuita tushuke. Hatukushuka. Wakaita tena, na mara hii sauti zilikuwa na baridi. Nilimwona mzee mmoja mrefu akigeuka kama anayetaka kurudi nyumbani. Huyo ndiye aliyekuwa baba wa binti.

Mjomba akasimama haraka na kipaza sauti. Posa husemwa kwa kunong'ona na kuzunguka, mara umepoteza ng'ombe, mara umefuata nyayo zake zikakuleta uani kwa watu, na Mjomba alikuwa bingwa wa mambo hayo. Lakini alipokinong'onezea kile chombo kilitoa mlio wa kupasua masikio, watoto wakatimua mbio, na ng'ombe wetu akapotelea hapo. Mjomba akamsukumia Baba.

Baba akasafisha koo.

"Ndugu wananchi," alisema.

Nadhani alitaka kuishia hapo. Mdomo wake ulikuwa umezoea njia moja tu, ukaenda nayo: wachemshe maji, wafunike vyakula, wachimbe vyoo mbali na ziwa. Alikuwa ameanza la chungu kimoja Mama alipomvuta suruali. Kisha kikongwe mmoja akaangua kicheko, akafuata wa pili, na muda si mrefu kijiji chote kilikuwa kinacheka, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyewahi kuposewa kwa namna ile. Yule mzee mrefu alirudi. Alikuja mpaka maji yakamfika vifundoni, akamuuliza Baba kwa Kirundi kama anaumwa.

"Sijui," Baba akajibu, kwa Kiha chake kile kibovu, na safari hii hakuna aliyecheka. "Nawauguza wanaoumwa. Ndiyo maana nimesimama huku. Nimekuja kuomba mtoto, sikuja kuwaletea msiba."

Kaka aliukaza mgongo wake nikaona shati limelowa jasho.

"Wengine wamekuja hapa na vitenge," mzee alisema hatimaye. "Wote waliogopa nisije nikawakataa. Wewe ndiye wa kwanza kuogopa usije ukaniua."

Akaagiza chungu chao kisogezwe mpaka ukingoni mwa maji. Mama akafunua chetu. Baba alijichotea peke yake kwenye kikombe chake cha bati, maana sheria yake aliifuata hata ndani ya boti, na mzee alipomwona hivyo akawaamuru watu wake waweke mirija pembeni, vikaletwa vikombe. Wakanywa kule, tukanywa huku, wote kwa wakati mmoja, tukitazamana juu ya maji. Wazee wa kule walitazama koo la Baba. Lilikuwa linatembea vizuri kabisa.

Ikabaki kumuuliza binti. Kwa desturi yeye huinamisha kichwa tu, na wajuao wanaelewa. Lakini kutoka botini nani angeona kichwa kikiinama? Mjomba akalalamika kwamba mshenga hawezi kupeleka nyumbani jibu ambalo hakulipata. Basi wakamleta mbele, msichana mwembamba mwenye kitenge cha kijani, wakamwambia aseme. Alitazama mchanga. Akatazama maji. Kisha akainua uso, akakusanya mikono mdomoni na kupaza sauti, "Ndemeye!" Maana yake nimekubali, na ilifika kwetu bila kipaza sauti chochote. Kaka akageuka, desturi au si desturi, akamtazama mpaka Mama alipomwambia awashe injini.

Jioni ile ile Baba alirudi kwenye mahema yake. Ugonjwa ulikaa mwambaoni kwa miezi kadhaa, ukapungua, ukaisha, na kaka yangu alingoja miezi yote hiyo akipiga mluzi kazini. Mzee alikuwa ameahidi kumleta binti mwenyewe, na aliitimiza ahadi. Tulikwenda kuwapokea Kibirizi, Baba akiwa na koti lake la kanisani. Mzee alikuwa wa kwanza kushuka, akaingia maji mpaka magotini, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Baba, akamshika mabega. Walikuwa hawajawahi kukaribiana. Akamtazama juu mpaka chini.

"Mkwe," alisema, "kule botini nilidhani wewe ni mrefu."

Baba alikuwa analia mbele ya watu wote, na hakujaribu hata kugeuza uso.