Jina la Ukoo wa Khudaimat

Rakan hakuwa na neno la kuitajia watu kazi yake. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni mhandisi wa kompyuta. Baba yake, sajini mstaafu wa jeshi, alisema kijana anashughulika na mambo ya mtandao, kisha akauliza habari za mvua. Shangazi zake, waliokuwa wakimtafutia mchumba mjini Karak na hata Amman, walisema ana kazi ya mezani. Mwenyewe akiulizwa harusini alijibu, "Programu," akajaza kinywa wali ili asiulizwe la pili.

Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza majina ya tovuti. Jina la tovuti halimilikiwi milele. Hulipiwa ada kila mwaka, kama pango la duka. Mwenyewe akisahau kulipa, hukumbushwa, husubiriwa, kisha jina huachiwa, na wa kwanza kulinyakua ndiye mwenyewe mpya. Rakan alikuwa na majina aliyoyabuni mwenyewe, ya dawa, ya vyakula, ya miji, akayaweka kama mtu anavyoweka viwanja nje ya mji akisubiri barabara ifike. Barabara haikufika. Kilichomlisha ni yale yaliyoachiwa. Alikuwa na programu ya kuyavizia: aliiambia itafute majina ya zamani yenye wageni wengi, nayo ikayadaka yalipoanguka, kabla watu wa nchi nyingine hawajayawahi.

Jina ambalo bado halijapata mnunuzi hakuliacha lilale bure. Alilikabidhi kwa kampuni ya matangazo, nayo ikabandika ilichotaka, na kila mgeni aliyebofya alimwingizia Rakan senti kidogo. Yeye hakuwa akitazama kilichobandikwa. Pia alilipa ada ya kuficha jina lake, ili mtu akiuliza nani mwenye tovuti hii asipate jibu. Hakuvunja sheria yoyote. Hilo alijiambia mara nyingi, na mtu asiye na la kumsuta hana haja ya kujiambia mara nyingi.

Majira ya baridi yale programu ilidaka fungu la majina usiku, na asubuhi, akinywa chai ya maramia, majani yenye harufu kali, aliyopikiwa na mama yake, Rakan akayapitia. Katikati ya fungu aliona jina la ukoo wa Khudaimat.

Khudaimat walikaa ng'ambo ya bonde. Kutoka chumbani mwake aliona paa la baraza lao, ukumbi ambamo walipokea wageni, wakaozesha na kukaa matanga. Tovuti yao aliijua pia. Ilikuwa na nasaba ya ukoo, picha za marehemu, na matangazo ya misiba, kwa sababu nusu ya ukoo huo wanafanya kazi Kuwait na Dubai na hawana njia nyingine ya haraka ya kujua nani amefariki na matanga yako wapi. Aliyeilea ni Ustadh Dhaifallah, aliyekuwa amemfundisha Rakan insha darasani. Mzee alikuwa ametoka kupasuliwa macho Amman, na daktari alimkataza kutazama kioo cha kompyuta. Barua za kumkumbusha kulipa zilimfikia zote, akiwa na bandeji usoni.

Rakan hakuyajua ya bandeji. Jina aliliona, na akajua ni la nani. Angeweza kupiga simu palepale. Alijiambia: nisingelichukua mimi, lingechukuliwa na mtu wa mbali, na huyo wangempata wapi? Alijiambia atawarudishia, ila si lazima leo. Siku chache baadaye akapata barua kutoka kwa mtu wa michezo ya kamari, wa nchi ambayo Rakan hajawahi kufika. Mtu huyo hakujali maana ya jina. Alitaka wageni wake. Bei aliyotaja ingetosha kununua gari dogo. Rakan alijibu amekubali, watakabidhiana Jumapili.

Ijumaa, baada ya sala, jaha, ujumbe wa wazee wanaokuja kuomba haja, ikapanda ngazi za nyumba yao.

Walikuwa wazee wa Khudaimat, wamevaa majoho ya kahawia ya siku za mambo mazito, Ustadh Dhaifallah mbele na miwani myeusi, ameshikwa mkono. Nyuma yake alikuja Nayef, muuza nyama wa sokoni, ambaye hakuna msiba wala harusi isiyosikika sauti yake. Abu Rakan, kama watu walivyomwita baba yake, aliwakaribisha kwa heshima zote, akaita kahawa. Vikombe vikamiminwa. Kila mmoja akapokea chake, akakiweka chini mbele yake, asikiguse.

Hapo Rakan, aliyekuwa amesimama na dele la kahawa mkononi, alijua wamekuja na haja. Mwenye haja hanywi kahawa ya mwenyeji mpaka akubaliwe, na mwenyeji anayeacha kahawa ya wageni ipoe atasimuliwa miaka.

"Abu Rakan," Ustadh Dhaifallah alianza, "tumekuja kwako tukiwa na..."

"Kunyweni kahawa yenu," Abu Rakan alimkatiza, mkono kifuani. "Mlilolijia mmelipata."

"Hujalisikia bado, ndugu yangu."

"Nilisikie la nini? Miguu yenu imepanda ngazi zangu. Likiwa ndani ya nyumba hii, ni lenu. Likiwa nje yake, tutalifuata."

"Angalia asikuombe jiko," Nayef akasema. "Umm Rakan atatufukuza na mwiko."

Wakacheka. Wakanywa. Rakan akawajazia tena.

Ustadh alieleza polepole, kama alivyokuwa akieleza insha. Tovuti ya ukoo imeibwa. Nani kaiba, hawajui. Wameuliza, wameambiwa mwenyewe kajificha. "Wiki iliyopita tumemzika Sulaiman, mtoto wa ami yangu. Dada yake yuko Kuwait. Akafungua tovuti atazame kaka yake anazikwa saa ngapi." Akagusa miwani yake. "Mimi macho yangu haya sijaona, namshukuru Mungu. Wameniambia tu."

"Wanawake, ami," Nayef alimwambia Abu Rakan kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Wanawake uchi, na kamari. Juu kabisa jina letu. Dada wa marehemu alidhani ametukanwa."

Abu Rakan aliinama kama aliyeambiwa msiba mpya.

"Umm Rakan amewaambia wanawake wetu kwamba kijana wako ni mhandisi wa kompyuta," Ustadh alimalizia. "Hatutaki fidia. Hatutaki ugomvi. Tunataka jina letu tu."

"Rakan!" baba yake akasema, bila hata kumgeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Utalirudisha?"

"Nitajaribu."

"Hakuna nitajaribu. Nimeshawaambia wanywe."

Nayef alimpiga Rakan begani wakati wa kuaga. "Ukimjua huyo mbwa niletee mimi jina lake tu. Unajua kazi yangu ni ipi."

Rakan alitabasamu. Baadaye, chumbani, tabasamu hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Alifungua tovuti ya Khudaimat, mara ya kwanza tangu aichukue, akatazama kile ambacho hakuwa akitazama. Akakiondoa. Akamwandikia mtu wa kamari kwamba biashara imekufa. Yule akajibu kwa matusi, na kwenye soko lao la majina, ambako watu hawajuani sura ila kwa neno la mtu tu, akamtangaza Rakan kuwa mwongo. Wanunuzi wengine wawili wakajitoa. Hilo alilistahimili. Ilikuwa adhabu, na adhabu aliitaka.

Asichoweza kujisamehe ni alichofanya baada ya hapo. Kulirudisha jina ilikuwa kazi ya muda wa kuchemsha yai. Rakan alingoja. Alingoja ili ionekane amepambana. Baba yake alipouliza, alijibu, "Yule mtu mgumu, baba, lakini tunazungumza." Baba yake alimwombea dua. Mama yake alimpelekea chakula chumbani na kuwaambia jirani wapunguze kelele. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapa maiti na mwosha walikuwa mtu mmoja.

Jina liliporudi, Khudaimat walichinja.

Barazani kwao palijaa wazee, vijana, na wageni wa koo nyingine waliokuja kusikia jinsi mwizi wa ng'ambo alivyoshindwa na mtoto wa Karak. Sinia za mansaf ziliwekwa juu ya meza ndefu, wali, nyama na mchuzi wa maziwa makavu ukifuka moshi. Rakan aliwekwa kwenye sinia ya wakubwa, kati ya baba yake na Ustadh Dhaifallah, ambaye sasa alikuwa ameruhusiwa kuvua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu bado, lakini yanaona. Alimtazama Rakan kwa macho hayo, akararua nyama laini ya shavu la kondoo na kumsogezea.

"Kula, mwanangu. Nakumbuka insha zako. Zilikuwa fupi, lakini hukuwa ukinakili."

Rakan akaila.

"Hebu tuambie ulimfanyaje," Nayef alipaza sauti kutoka ng'ambo ya sinia. "Ulimtisha? Ulimdanganya? Au ulimtumia picha yangu na kisu?"

"Nilizungumza naye tu."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza."

"Mnaona? Na mimi nilidhani Kiingereza hakina faida!"

Ukumbi ukacheka. Abu Rakan alicheka kuliko wote. Rakan hakumbuki kama aliwahi kumwona baba yake amekaa hivyo, mabega yameshuka, joho limeteleza upande mmoja, kama mtu aliyekwisha kulipa kila anachodaiwa na dunia. Mgeni mmoja, mwenye duka la simu, akauliza mwizi ni wa nchi gani. Rakan akataja nchi. Akauliza alitaka nini. Rakan akajibu, na jibu likazaa swali, na kwa kila swali alijenga chumba kingine katika nyumba ya uongo, mpaka akawa na mtu mzima, mwenye mji na umri na tabia ya hasira.

Ndipo mzee mmoja, kaka wa marehemu Sulaiman, akainua mikono. Mkono wa kulia ulikuwa bado na wali. "Mola amnyime usingizi aliyetufanyia hivi," akasema. "Amkatie riziki. Amfedheheshe mbele ya baba yake."

"Amina," watu wakaitika.

"Amina!" akasema Abu Rakan, kwa nguvu iliyowafanya walio mlangoni wageuke. "Amina, ya Rabi!"

Rakan aliweka chini tonge alilokuwa ameshika. "Ni mimi," akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Waliosikia ni wa sinia ile tu.

Nayef akacheka. "Ni wewe nini? Ni wewe umeshiba?"

"Jina nililichukua mimi. Hakuna mtu wa ng'ambo. Lilikuwa kwangu tangu mwanzo, na matangazo yale yalikuwa yakiniingizia hela mimi."

Nayef aliendelea kutabasamu kidogo, akitazama huku na huku amwone mwingine anayecheka, kisha akaacha. Ukimya ukatoka sinia yao ukaenda sinia ya pili, ya tatu, watu wakiulizana kwa nyusi kumetokea nini.

Ustadh Dhaifallah hakupandisha sauti. "Ulijua ni letu?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya kwanza, Ustadh."

"Na siku tuliyokuja kwenu? Tukiwa tumekaa pale?"

"Nilikuwa nawamiminia kahawa."

Mzee akafumba macho yake mapya. Rakan alisubiri kofi, tusi, kufukuzwa. Angefurahi. Hakuthubutu kumtazama baba yake; alisikia tu maji yakimiminwa, akajua baba anaosha mkono. Abu Rakan alijifuta kwa taulo, taratibu, kidole kwa kidole, akavuta joho lake likakaa sawa mabegani. Alimwendea Ustadh Dhaifallah, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu juu ya paji.

"Tusameheni," akasema.

Kisha akamwendea kaka wa marehemu, yule aliyeomba dua, akambusu kichwa. "Tusameheni." Akaenda kwa wa tatu. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na goti bovu, na kila alipoinama alishika ukingo wa meza. Alipofika kwa Nayef, aliyekuwa rika la mwanawe, Nayef alirudi nyuma hadi ukutani.

"La, ami. Wallahi usinifanyie hivi. Mimi ni mtoto kwako."

"Simama, mwanangu."

"Ami, nakuomba."

Abu Rakan akamshika, akamvuta, akambusu. Nayef akaanza kulia, waziwazi, mikono imening'inia na mafuta ya nyama.

Rakan akanyanyuka. Alinawa. Akamwendea Ustadh Dhaifallah, akainama, akambusu pale baba yake alipombusu. Mzee hakumzuia, hakumgusa. Akamwendea wa pili.

"Abu Rakan, yatosha," Ustadh akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi kama zamani darasani. "Tumesamehe. Njoo ukae. Chakula kinapoa."

"Nyinyi mmesamehe," Abu Rakan akajibu, bila kugeuka. "Mungu awalipe. Mimi sijamaliza."

Akaendelea kuelekea sinia za vijana, karibu na mlango, ambako baadhi hawakuwa hata wamesikia kosa lilikuwa nini. Mwanawe alimfuata nyuma, akibusu kichwa baada ya kichwa, na ukumbi ulikuwa umejaa.