Hodi Kwenye Chumba Salama

Majirani zangu wa mtaa wa Tena, hapa Nairobi, waliamini kwa muda mrefu kwamba nagonga mihuri ya viza. Kila mwenye mpwa anayetaka kwenda ng'ambo alinifuata hadi mlangoni. Sigongi muhuri wowote. Nimeajiriwa ubalozini, ubalozi wa nchi nisiyoitaja, kusimamia ghorofa ya pili: funguo, mafundi, wageni wanaoingia na kutoka. King'ora kikilia, ni mimi ninayehakikisha kila mtu amefika kwenye chumba salama. Kazi hii naiweza. Sauti yangu ni kubwa na sioni haya kumwinua balozi kwenye kiti chake.

Chumba chenyewe hakina maajabu. Kiko katikati ya ghorofa, hakina dirisha, kuta zake ni nene na mlango wake ni wa chuma wenye makomeo mazito. Ndani kuna maji, taa za betri, sanduku la huduma ya kwanza na redio ya kuzungumza na walinzi wa getini. Sheria ni moja tu: mlango ukishafungwa, haufunguliwi mpaka getini waseme kwa redio. Baadhi ya wenzangu huona ni mchezo. Mimi ni wa rika linalokumbuka ubalozi ulipolipuliwa katikati ya jiji hili. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka watu wazima wa mtaani wamekaa ngazini wakingoja jamaa zao warudi kutoka mjini. Wengi waliokufa walikuwa Wakenya wenzetu waliotoka nyumbani kwenda kazini kama siku yoyote. Kwa hiyo mlango ule siufanyii mzaha.

Aliyewekwa kuufunga na kuufungua kwa ndani ni mama wa chai. Ni mama mtu mzima kutoka magharibi mwa Kenya, anaishi mtaa wa Kware na wajukuu anaowalea peke yake, na sote tunamwita Mathe, yaani mama. Jiko lake limepakana na chumba salama. Maofisa huenda mikutanoni na safarini, yeye yupo tu.

Siku ya zoezi la kwanza tuliingia vizuri kabisa. Mathe akasukuma makomeo, tukatulia. Kisha mlinzi mmoja, kwa maagizo ya mkuu wa usalama, akabisha kwa upole.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu!" Mathe akaitikia, akafungua.

Hata hakufikiri. Mkuu wa usalama, bwana mpole aliyeletwa kutoka kwao, aliingia nyuma ya yule mlinzi, akatutazama mmoja mmoja, akatangaza kwamba tumekufa wote. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mathe hakucheka.

Baadaye mkuu aliniita, akaniambia bila hasira kwamba kutakuwa na zoezi la pili. Mathe akifungua tena, jiko litapewa kampuni ya nje yenye watu waliofunzwa. Nikamuuliza kwa nini asimpe mtu mwingine mlango. Akasema siku ya balaa lenyewe, aliye karibu na mlango ndiye atakayekuwa mlangoni, tupende tusipende. Alikuwa na hoja, na hoja yake ikanipandisha hasira zaidi, kwa kuwa maana yake ilikuwa Mathe kurudi Kware bila kazi.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Nitamfundisha mwenyewe."

Jumamosi nikaenda Kware. Majumba ya huko yamebanana hivi kwamba ukipiga chafya, jirani wa jumba la pili anakuambia pole. Nilimwambia Mathe ajifungie ndani kwake, mimi nikabaki kwenye korido.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu... aki!" Nikamsikia akijipiga kofi mdomoni.

Nikajaribu sauti ya muuza maji. Nikajaribu ya mama wa kanisa, na ya mtu aliyenyang'anywa simu. Akiuliza "Nani?" nami najibu "Ni mimi," jibu linalofungua milango ya Eastlands nzima, mitaa yote ya mashariki mwa jiji, na komeo linasukumwa pale pale. Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo akashindwa kuvumilia.

"Mathe, kwani mmekosana na huyu dame? Si umfungulie bana, amegonga tangu asubuhi!"

Kareteka, msimamizi wa jumba, naye akapanda ngazi mbio kuuliza ni nani anafurushwa. Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Niliingia ndani nikamwambia Mathe kwamba anataka kutuua. Akanimiminia chai kwanza, ndipo akanijibu.

"Wewe unakaa Tena, mna geti na soja. Hapa moto uliposhika nyumba ya mwisho pale, nani aliwaokoa watoto wa humo? Walibisha kwangu usingizi umenishika, nikafungua. Sasa mtu anibishie na nimnyamazie? Nitakuwa mtu wa aina gani?"

Nilikunywa chai yangu nikitazama mlango wake wa bati, na nikaona nimekuwa nikimfundisha jambo baya. Nilikuwa namwambia aache kuwa mtu mwema ili asifutwe kazi.

"Mathe," nikasema, "wale mnaofungiwa nao ubalozini, nani aliwakaribisha mle ndani?"

"Si ni mimi."

"Basi hao ndio wageni wako. Ukisikia hodi, upe mlango mgongo. Watazame wao, nyuso zao, mpaka redio iseme. Wa nje ana wengine wa kumshughulikia."

Alikifuta kikombe kilichokuwa tayari kikavu.

"Niwatazame wageni," akasema. "Hiyo naweza."

Tangu hapo alikuwa anawaketisha wajukuu kitandani na kuwakodolea macho, huku mimi nikipiga kelele nje mpaka sauti inanikauka. Komeo halikusogea. Nilishuka zile ngazi nikijiona mwalimu wa walimu.

Zoezi la pili halikufanyika. King'ora kililia siku ya kawaida, saa ya chai, na redio kiunoni mwangu ikasema si zoezi. Gari lilikuwa limeachwa kando ya ukuta wetu, injini inanguruma, dereva hayupo. Nikawatoa watu ofisini kama ninavyojua kuwatoa. Ofisa mmoja alikuwa anamalizia maongezi, nikamnyang'anya simu nikamtanguliza. Nikarudi kuangalia vyoo, maana ndiyo kazi yangu. Havikuwa na mtu. Nilipokata kona, mlango wa chuma ulikuwa umefungwa.

Ulifungwa sawasawa. Amri ya kuufunga ilikuwa imetoka getini, na hakukuwa na nafasi ya kumngoja yeyote. Yote hayo niliyajua, hata niliyafundisha. Lakini mkono wangu ukabisha.

"Hodi! Mathe, ni mimi!"

Nikabisha tena, sasa kwa ngumi.

"Mathe, mwanao niko nje huku. Nifungulie, tafadhali."

Hakuna komeo lililosogea. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na kwa muda mfupi nilimchukia kabisa. Kisha nikafanya ninachowaambia wengine wafanye wakifungiwa nje: nikaingia stoo ya karatasi, mbali na madirisha, nikalala sakafuni nyuma ya kabati. Hapo chini, shavu likiwa kwenye vumbi, likanijia kwamba Mathe amefaulu. Nikacheka peke yangu huku machozi yananitoka.

Dereva alipatikana kwenye kituo cha mafuta cha jirani. Tumbo lilikuwa limemkamata akakimbilia choo. Redio ikaturuhusu, mlango ukafunguliwa, na watu wakatoka wakinikumbatia. Yule ofisa niliyemnyang'anya simu akaniambia Mathe alisimama akiwa ameupa mlango mgongo muda wote, anawatazama mmoja baada ya mwingine, machozi yanamtiririka, na hakugeuka hata nilipomwita. Mkuu wa usalama akampa mkono, akamwambia jiko ni lake mpaka atakapochoka mwenyewe. Nilitaka kupiga vigelegele. Mathe akaurudisha mkono wake, akaenda kuwasha birika.

Jioni tulitembea pamoja kuelekea steji ya matatu. Nilikuwa nimejaa furaha, naropoka. Si unaona Mathe, nilimwambia, sasa nani atakugusa? Yeye alitembea tu. Tulipofika penye kivuli cha ukuta akasimama.

"Nilikujua kwa neno la kwanza," akasema.

"Najua."

"Siku nyingine ukibaki nje, usinibishie. Kaa kimya huko huko. Nisijue ni wewe."

Nikachukua mkoba wake nikaubeba, nikamwambia, "Sawa, Mathe. Sitabisha."