Sahani ya Asumini

Wimbo mnaouchezea harusini, ule wa mwanamke anayepeleka asumini kwenye sahani, umetoka nyumbani kwetu Kaole. Aliyeutunga ni mdogo wangu, tumbo moja. Redioni husema ni kumbukumbu yake ya utotoni. Kumbukumbu ni ya kweli. Alichoifanyia ndicho kinachonichoma.

Tulipokuwa wadogo, kila Ramadhani jirani yetu alituletea futari. Alikuwa shoga wa mama tangu wote wawili walipoletwa pale wangali maharusi. Alileta tambi au kunde za nazi kwenye sahani ya bati yenye picha ya jogoo. Na kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Ukaja mwaka ambao baba alikuwa amefariki, mama analima mwani Mlingotini, na bei ya mwani imeanguka. Cha kurudishia hakikuwepo. Lakini nyuma ya bafu palikuwa na mwasumini uliokunywa maji yetu ya kuogea na kuchanua kama wa nyumba ya tajiri. Mama akachuma, akaijaza sahani, akampa mdogo wangu.

"Mpe mama yako mkubwa, mkononi mwake," alimwambia.

Kesho yake jirani alikuja uani kwetu, kikuba cha asumini zile bado kakipachika kifuani. "Shoga, jana chumba changu kimenukia mpaka bwana kachelewa daku. Nimemwambia wa kulaumiwa ni wewe." Walicheka mpaka mama akakaa chini. Tangu hapo, hata shida zilipopungua, chakula kilikwenda na asumini pembeni.

Mdogo wangu akahamia Dar, akawa mtunzi. Siku wimbo ulipotoka, mama alijifunga kanga mpya, tukakaa sebuleni kusikiliza. Jogoo yumo. Mlango wa buluu wa jirani umo. Mwani umo. Kisha, humohumo wimboni, mlango ukafunguliwa, na aliyepokea sahani akawa mume wa jirani, mkewe kasafiri. Mjane na mume wa mtu, wananusa maua pamoja. Mama akainuka, akasema anakwenda kuangalia wali jikoni. Hatukuwa tumebandika kitu.

Nilimpigia simu mtunzi wetu.

"Dada, wimbo usio na mapenzi nani atausikiliza?"

"Na mama je?"

"Mbona sijamtaja mtu jina?"

Hakumtaja, ni kweli. Ila Kaole nzima mlango wa buluu ni ule mmoja. Angekuwa mgeni kautunga, ningesema hajui. Huyu ndiye aliyeibeba sahani, akaitia mkononi mwa mwanamke yule, na akapewa kashata kwa kutumwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki chetu tulikifua na kukipiga pasi wenyewe.

Maneno yakaanza. Lisemwalo lipo, wanawake waliambizana dukani, mama akiwa palepale ananunua chumvi. Mzee wa watu, mume wa jirani, akimwona mama njiani akawa anavuka upande wa pili, na watu wakauona huko kuvuka kuwa ndio ushahidi. Shoga yake hakugomba wala hakuuliza. Angegomba, mama angepata pa kujibia.

Ramadhani iliyofuata, futari haikuja. Mama akasema huenda mwenzake anaumwa. Akapika tambi, akatia hiliki nyingi kama shoga yake anavyopenda, akaniambia nimsindikize. Maua hakuchuma. Alipiga hodi mara mbili. Tukasikia kandambili zikija polepole, na mlango ukafunguliwa nusu.

"Asalaam aleikum, shoga," mama alisema.

"Waaleikum salaam." Salamu hainyimwi mtu. Hakuziangalia tambi. Alimwangalia mama, na kwa adabu ileile anayowapa wageni akasema, "Mwenyewe hayupo, bibi. Kaenda msikitini. Kama unamtaka, rudi baadaye."