Gari Lililotazama Mlango wa Mkwe

Kasiani hakuwa mtu wa kuomba. Lakini mwaka ule wa hamsini na saba, kila asubuhi aliwaomba watu wa Mgeta wamsukumie gari.

Lilikuwa gari la dizeli, la boksi, la kuteremshia kabichi Morogoro mjini. Jioni lilipanda mlima bila kulalamika. Likishalala uani, asubuhi haliwaki. Starta ilizunguka mpaka betri ikachoka. Wakulima wakatua matenga, wakaligeuza kwa mabega, wakalisukuma mteremkoni mpaka likakohoa moshi mweupe.

"Kasiani, gari hili umelioa au limekuoa?" aliuliza Lukasi, kaka wa mkewe.

"Sukuma, shemeji. Utani baadaye."

Wengine walicheka. Yeye hapana. Felista, mkewe, alikuwa mja mzito, siku zake karibu. Mtoto wa kwanza walimzika bila jina; uchungu ulikuwa mrefu, na machela ilikawia njiani. Safari hii sista wa misheni alikuwa amesema: uchungu ukianza tu, hospitali mjini. Na gari lilikuwa hilo moja. Je, ukianza watu wako mashambani?

Alilipeleka kwa fundi Mwinjuma, mjini. Mwinjuma akasafisha chujio, akatoa hewa kwenye pampu mpaka povu likaisha. Gari likalala kwenye uwanja wake, tambarare. Asubuhi likawaka mara moja.

"Linavuta hewa mahali," alisema Mwinjuma, "ila sioni tone. Na hapa kwangu haliumwi. Labda linaogopa baridi ya kwenu."

Basi Kasiani akawa analimwagia maji ya moto alfajiri. Wapi.

Alikuwa anakaa kwa kina Felista, kama wanaume wengi wa huko. Ua ulikuwa wa mama mkwe, Paskalia: nyumba juu, njia chini. Jioni moja mama akamkuta anaweka mawe nyuma ya magurudumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini unaliacha pua juu? Likitazama chini si litajiteremkia, watu wapumzike?"

Kasiani aliinamisha macho. "Litaupa mlango wako mgongo, mama."

Paskalia akatikisa kichwa. "Mgongo wa gari si mgongo wako. Ligeuze. Binti sina wa pili."

Akaligeuza. Asubuhi, kabla hajaondoa mawe, akagusa starta. Likawaka.

Akazima. Baridi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna lilivyolala. Akaingia uvunguni. Kwenye kiungo cha mrija wa dizeli, karibu na tanki, vumbi lilikuwa limelowa na tone linaning'inia.

Hapo akaelewa. Pua ikiwa juu, tanki, lililo nyuma, lilibaki chini. Dizeli ikarudi tankini, na kiungo kikaingiza hewa. Hewa haidondoki, nani angeiona? Sasa tanki lilikuwa juu, na kiungo kikajitaja chenyewe.

Kipete cha shaba cha kukazia kiungo kilikuwa na ufa. Mwinjuma akampa kipya. "Basi mkweo ndiye fundi," alisema. "Mimi nikauze maandazi."

Kasiani akafunga, akatoa hewa. Jioni akaliacha tena pua juu, makusudi. Asubuhi likawaka. Lukasi akabaki amesimama na mikono yake, hana cha kusukuma.

Siku ya Felista ilifika watu wote wako bondeni wanapanda. Alishika mwimo wa mlango, akasema, "Tayari." Paskalia akatoka na kanga na kikapu. Akatazama njia, haina mtu.

"Nisukume, mwanangu?"

"Panda, mama."

Likawaka. Felista alikaa mbele, mkono umeshika shati la mumewe njia nzima. Mama mkwe alikaa nyuma, kwenye matenga, kikapu mapajani.

Kabla ya jua la utosini, Kasiani akasikia kilio kidogo dirishani, kisha sauti ya Felista ikiomba maji. Sauti zote mbili. Akakaa chini kando ya gurudumu.

Gari alikuwa ameliegesha kwa haraka, mgongo kwenye mlango wa hospitali. Akaliona. Akaliacha hivyohivyo.