Mgongo wa Mzee Revelian

Jenipher anauza mapazia Buguruni, na aliyewahi kununua pazia kwake anaijua hadithi ya koti. Huianza akiwa anapima kitambaa, mteja akiwa ameshikishwa ncha moja, hana pa kukimbilia. Majirani zake wa Kinyerezi wameisikia kwenye kipaimara cha mwanawe, kwenye vikao vya vikoba, na mara moja msibani, ambako mfiwa alilazimika kucheka ili aachwe alie. Kila inaposimuliwa, Mzee Revelian huongezeka unene na roho mbaya.

Hadithi yenyewe ni ya Ukonga, miaka ya tisini, televisheni zilipoanza kuingia Bara na mtaa mzima ukawa na moja tu. Ilikuwa ya huyo Mzee Revelian, karani wa ofisi fulani mjini, mtu wa Bukoba. Wengine walinunua televisheni. Yeye alipata cheo. Aliijengea kabati la mninga lenye milango miwili na kufuli, ufunguo akauning'iniza kwenye mkanda wa suruali. Ndani ya kabati televisheni ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa palisimama maua ya plastiki. Kuifunua kulikuwa ibada, maana kila ua lilishushwa peke yake na kupulizwa vumbi.

Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche. Hakuna mtoto aliyeingia bila kunawa miguu, na mzee mwenyewe alikagua visigino. Ukishapita hapo, unakaa kwenye saruji, huegemei ukuta, huulizi swali. Zulia lilikuwa la Auleria, binti wa nyumba, aliyejilaza juu yake na miguu ambayo hakuna aliyeikagua. Ikikaribia taarifa ya habari, mzee alivaa koti lake la kahawia na kufunga tai. "Mtu anakuja sebuleni kwako amevaa tai," aliwaambia, "wewe umpokee na fulana?"

Siku ya kwanza Jenipher alikuwa na miaka minane na visigino vilivyosuguliwa mpaka vikawaka. Kioo kikafunguka, akatokea baba mzima aliyenyoa vizuri, akawatazama wote usoni na kusema hamjambo. Jenipher alikuwa amelelewa. Akaamka pale sakafuni, akapiga goti, akasema, "Shikamoo."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Auleria alicheka mpaka akabiringika nje ya zulia. Jenipher alibaki ameinamisha kichwa, akisubiri kuitikiwa, na msomaji habari akaendelea na mambo yake ya mawaziri. Ndipo Mzee Revelian alipoitikia kwa sauti ya kukohoa: "Marahaba, mwanangu. Kaa." Katika masimulizi ya Jenipher huo ni ushahidi namba moja. Yaani yule mzee, anasema, hata salamu ya mtu wa kwenye televisheni alijichukulia yeye!

Lakini la koti ndilo lililomkaa moyoni. Mama yake, Marietha, alikuwa muuza vitumbua na mwanakwaya wa parokia, sauti ya pili, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo. Mwaka huo kwaya ikaalikwa mjini kurekodiwa, ionyeshwe Jumapili. Mlezi wa kwaya alikuwa nani? Mzee Revelian, bila shaka. Alikwenda nao na koti lake, na baadaye akaenda tena kuikagua picha kabla haijarushwa, jambo ambalo mtaa ulilisikia wiki nzima, utadhani yeye ndiye aliyeutunga wimbo.

Jenipher naye hakukaa kimya. Shuleni alitangaza kwamba mama yake anaingia kwenye televisheni. Waliobisha aliwaambia waje waone. Rafiki yake Felicitas, ambaye mama yake alikuwa kwenye kwaya hiyo hiyo na hakujitapa hata kidogo, alimsihi apunguze, wapi. Nyumbani alimuuliza mama yake amesimama wapi, ili ajue pa kutazama.

"Huko huko nyuma," Marietha alijibu, akigeuza kitumbua.

"Mstari wa pili?"

"Nyuma tu, Jeni. Kalete maji."

Jumapili ilipofika, ndoo ya mlangoni ilijazwa mara kadhaa na saruji ikajaa watoto. Marietha alikaa mwishoni kabisa, karibu na mlango. Wimbo ulimhusu Nuhu na safina yake. Ubeti wa kwanza ukapita na mstari wa mbele, akaonekana mama yake Felicitas amekodoa macho kama mtu aliyekanyagwa. Picha ikaanza kupanda mstari wa pili. Jenipher alikuwa ameshanyoosha kidole.

Mzee Revelian akasimama. "Picha inatetemeka," alisema. Haikuwa inatetemeka. Akaenda mbele ya kabati, akatanua miguu, akashika antena, na mgongo wake mpana ndani ya koti la kahawia ukaifunika televisheni yote. Sauti zikaendelea kuimba nyuma ya koti. Nuhu akaingia safinani, mvua ikanyesha, njiwa akatumwa, akarudi, mzee bado anapapasa antena. Alipokuja kuketi, kulikuwa na tangazo la sabuni.

"Mama yako ni koti!" watoto wakaimba njiani. Jenipher alilia mpaka akapata kwikwi, na mama yake akamshika mkono mpaka nyumbani. Kesho yake alifuta machozi na kumpa mzee jina. Mzee Koti. Jina likakamata haraka kuliko alivyotegemea; lilimfikia mke wa mzee bombani, likamfuata mzee kanisani, na miaka mingi baadaye, siku ya kumzika mkewe, waombolezaji waliokuja na basi waliulizia njia ya kwa kina Koti. Mzee hakuwahi kujibu wala kujitetea. Roho mbaya ina nini cha kujitetea, Jenipher alisema.

Basi mwaka huu, wakati wa Kwaresima, Felicitas akamtumia kiunganishi kwenye simu. Mtu fulani alikuwa ameokota kanda za zamani za kwaya na kuziweka YouTube. "Shoga, ule wimbo wa Nuhu! Mama zetu watakuwemo! Sijafungua, nakusubiri wewe."

Jenipher hakufungua. Mama yake, alisema, hataangaliwa kwenye kioo cha kiganja kama mchekeshaji. Sebuleni kwake Kinyerezi ana televisheni ya inchi sabini na tano, iliyoingizwa ndani baada ya kung'olewa fremu ya mlango, na ambayo wanawe huiwasha ili iwamulikie wakichezea simu zao. Leo itapata kazi. Akaita majirani, akaita Felicitas, akapika pilau. Halafu akamtuma mumewe, Jonas, aende Ukonga na gari akamlete Mzee Revelian.

"Wa nini sasa?" Jonas aliuliza. "Mzee wa watu ana miaka themanini na ushee."

"Mie nataka aone alichotuzibia. Akae mbele kabisa."

Marietha, ambaye siku hizi anaishi kwa bintiye, aliposikia mpango huo aliumwa kichwa. Kisha akaumwa goti. Kisha akakumbuka kwamba ana dada yake Temeke ambaye hajamwona siku nyingi. "Achana nayo, Jeni," alisema. "Picha za zamani zina nini? Wengine wameshakufa mle."

"Mama nawe unajishushaga sana," Jenipher alimjibu, akamvalisha kitenge kipya na kumkalisha kwenye kochi la katikati.

Mzee Revelian akaja, amekonda, fimbo mkononi, koti lile lile likimning'inia mabegani. Mlangoni alikuta ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche. Jenipher alikuwa ameizungukia Buguruni nzima kuitafuta sabuni hiyo.

"Shikamoo baba. Karibu. Ila sheria ni sheria," alisema, na wageni wakacheka, kwa sababu hadithi walikuwa wanaijua.

"Jeni!" Marietha aliita kutoka kwenye kochi. "Huyo ni mzee!"

"Mama Jeni, mwache," Mzee Revelian alisema. Akaegemea fremu, akavua viatu, akanawa miguu polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka kisigino. Alipomaliza aliinua uso. "Nani anakagua?"

Kicheko kikapungua kidogo. Alipewa stuli ya plastiki, hatua chache kutoka kwenye kioo.

Wimbo ukaanza. Ndio hao, na sare zao za njano zilizofifia. Mama yake Felicitas akatokea amekodoa macho, Felicitas akapiga kigelegele na kulia papo hapo. Jenipher alisimama nyuma ya kochi la mama yake, kidole tayari. Picha ikapanda mstari wa pili, taratibu, uso kwa uso. Ikafika mwisho. Ikapanda wa tatu, ulikuwa wa wanaume. Jenipher akashusha kidole, akakinyoosha tena, akakishusha.

"Bibi yuko wapi?" mwanawe aliuliza, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alikuwa ameweka simu chini.

Katika ubeti wa tatu, kama ulivyokuwa mtindo wa siku zile, mpiga picha aliacha waimbaji akaenda nje kupiga picha maua. Yalikuwa maua mekundu ya uani, na kando yake benchi. Kwenye benchi alikaa mwanamke mfupi aliyevaa sare ya njano kama wenzake, mapajani amelundikiwa mikoba ya kwaya nzima, miguuni ndala zao zimepangwa, na mtoto wa mtu amelala begani kwake. Walikuwa wengi, nafasi ndogo, na mtu alilazimika kubaki nje kulinda vitu. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufungika. Alikuwa anaimba sauti ya pili, peke yake, nyuma ya ukuta.

"Si yule pale? Wa mikoba?" mtoto alisema kwa sauti kubwa.

Kabla hajamaliza, Mzee Revelian alikuwa anasimama. Ilimchukua muda; fimbo iliteleza, goti likagoma, lakini alisimama, akajikokota hadi mbele ya kioo, akageuza mgongo kwa wageni na kutanua miguu. "Picha inatetemeka," alisema. Akainua mkono kutafuta antena. Haikuwepo.

Jenipher alielewa hapo hapo, yote kwa pamoja: mzee aliyeikagua picha kabla ya mtu yeyote, watoto wa shule nzima kwenye saruji, kidole chake mwenyewe kimenyooshwa, mama yake karibu na mlango. Koti halikumzibia mama yake, lilimsitiri. Aibu ikampanda kutoka miguuni, ya moto, akatafuta rimoti mezani, chini ya mito, asiione. Na mgongo ule ulikuwa umekwisha. Koti lilifunika ua moja na kipande cha benchi. Kulia na kushoto kwake mikoba ilimwagika mpaka ukingoni mwa kioo, inang'aa, kila kishikizo kinaonekana.

"Baba Auleria," Marietha alisema, kwa upole, "kaa tu, baba. Zamani ulinizibia ukaweza. Inchi zote hizi alizonunua huyu utazizibia na nini?"

Mzee akaendelea kusimama mpaka wimbo ulipoisha. Jenipher hakungoja uishe. Alitoka mlangoni, akaibeba ile ndoo, akaenda kuimwaga nyuma ya nyumba.